Uso wa Simba: Tashihisi, Kumbukumbu ya Hadhira na Majina ya Kiswahili katika Filamu za The Lion King za 1994 na 2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza filamu ya The Lion King iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2019, ikiwa ni uundaji upya wa filamu ya katuni yenye jina hilohilo ya mwaka 1994. Hadithi ya filamu hizi mbili ni moja, na matukio mengi yanafuatana kwa mpangilio uleule. Kilichobadilika ni sura ya wahusika: wanyama waliochorwa kwa mkono na kupewa nyuso zenye hisia za kibinadamu wameundwa upya kwa kompyuta ili wafanane na wanyama wa mbugani. Makala yanaonyesha kuwa badiliko hilo limegusa mhimili wa tashihisi, na kwamba filamu ya 2019 huifikia sehemu kubwa ya hadhira yake kwa kukopa nyuso zilizohifadhiwa katika kumbukumbu ya utotoni. Aidha, makala yanajadili majina ya Kiswahili ya wahusika, ambayo yameongezeka katika toleo jipya bila maana zake kushughulikiwa.

1.0 Utangulizi

Filamu ya The Lion King ilianza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi Juni mwaka 1994. Iliongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ikawa na nyimbo za Elton John na Tim Rice, muziki wa Hans Zimmer na sauti za kwaya zilizoandaliwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Ni hadithi ya mwanasimba aitwaye Simba, anayeshuhudia kifo cha baba yake, mfalme Mufasa, anayetwishwa hatia ya kifo hicho na muuaji mwenyewe, yaani ami yake Scar, anayekimbilia mbali na hatimaye kurudi kudai kiti. Wahakiki wengi wameifananisha na Hamlet ya Shakespeare, na wengine wameihusisha na katuni za Kijapani za Osamu Tezuka kuhusu mwanasimba mweupe, ambazo zilianza kuchapishwa mwaka 1950. Mjadala huo wa asili hautarudiwa hapa.

Katika mzunguko wake wa kwanza filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 700. Kisha ikazaa jamii nzima ya kazi: mfululizo wa televisheni wa Timon na Pumbaa, filamu mbili za mwendelezo zilizotolewa moja kwa moja katika kanda na diski, mchezo wa jukwaani ulioanza mwaka 1997, na mfululizo wa watoto wa The Lion Guard. Kwa kizazi kilichozaliwa miaka ya themanini na tisini, mjini Nairobi au Dar es Salaam sawa na Chicago, Simba si mhusika wa filamu moja. Ni sehemu ya samani za utotoni.

Mwezi Julai mwaka 2019 Disney ilitoa toleo jipya lililoongozwa na Jon Favreau. Hili halikuwa mwendelezo. Lilikuwa hadithi ileile, iliyorefushwa kutoka dakika 88 hadi dakika 118, huku James Earl Jones akirudi kuwa sauti ya Mufasa baada ya robo karne. Kila jani, kila unyoya na kila chembe ya vumbi viliundwa kwa kompyuta. Favreau mwenyewe ameeleza kuwa picha moja tu katika filamu nzima, ile ya mapambazuko mwanzoni, ndiyo iliyopigwa kwa kamera mahali halisi. Mapato yalizidi dola bilioni 1.6, nayo filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya athari za picha. Hata hivyo, wahakiki waligawanyika, na lalamiko lililojirudia lilikuwa moja: wanyama hawa ni wazuri mno, lakini hawana uso.

Lalamiko hilo limechukuliwa mara nyingi kama suala la ladha. Makala haya yanalichukulia kama suala la nadharia. Ikiwa hadithi ni ileile, maneno ni yaleyale kwa sehemu kubwa, na hata sauti ya mhusika mmoja mkuu ni ileile, ni kitu gani hasa kilichoondoka? Na kwa nini kuondoka kwake hakukuwazuia watu kwenda kuitazama kwa wingi namna hiyo?

2.0 Tashihisi katika ngano na katika katuni

Tashihisi, yaani kukipa kisicho binadamu sifa za kibinadamu, ni mbinu ambayo msomaji wa fasihi ya Kiswahili huizoea tangu ngano za kwanza anazosimuliwa. Sungura hukopa, fisi hualikwa karamuni, simba huugua na kupokea wageni waliokuja kumjulia hali. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba katika ngano sura ya mnyama haielezwi hata kidogo. Hakuna fanani anayesimama kufafanua rangi ya manyoya ya sungura au namna midomo yake inavyotamka maneno. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anasisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, likiwa na fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Kwa mtazamo huo, uso wa sungura upo: ni uso wa bibi anayesimulia. Anapokuwa sungura, bibi hukonyeza jicho. Anapokuwa fisi, huitia sauti puani na kuilegeza taya. Mnyama hutoa jina na tabia, binadamu hutoa uso.

Katuni ya kuchorwa kwa mkono ilitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Msanii hana uso wa kuukopesha mbele ya hadhira, hivyo aliuchora. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wawili wa Disney waliochapisha mwaka 1981 kitabu kikubwa kuhusu kazi yao, waliorodhesha kanuni 12 za uhuishaji, na miongoni mwake imo kanuni ya kutia chumvi: kitendo na hisia vikuzwe kupita hali halisi ili vionekane kuwa vya kweli. Wachoraji wa filamu ya 1994 walifuata mkondo huo. Haikuwa kwamba hawakuwajua simba. Baadhi ya viongozi wa kikosi walisafiri hadi Kenya, ikiwa ni pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, na simba hai waliletwa studioni ili watazamwe kwa karibu. Lakini baada ya kuwatazama waliwapa kile ambacho simba hana: nyusi za kukunja, pembe za midomo za kutabasamu kwa dharau, weupe wa macho unaopanuka kwa hofu. Scar wa 1994 ana macho ya kijani, manyoya meusi shingoni na kidevu chembamba. Kabla hajatamka neno, mtoto wa miaka minne ameshamtambua.

Kati ya katuni hiyo na toleo la 2019 ipo kazi ya tatu ambayo haipaswi kurukwa, kwa sababu inaonyesha kuwa njia hazikuwa mbili tu. Mchezo wa jukwaani ulioongozwa na Julie Taymor uliwavika waigizaji vinyago vilivyokaa juu ya vichwa vyao, si mbele ya nyuso. Mtazamaji huona kinyago cha simba na, chini yake, uso wa binadamu anayeimba. Hakuna anayejifanya kuwa mtu hayupo. Anayetazama huchagua mwenyewe wapi pa kukaza macho, na mara nyingi hutazama vyote viwili kwa pamoja. Mbinu hii iko karibu zaidi na bibi msimulizi kuliko filamu zote mbili, ingawa ilizaliwa katika majumba ya maonyesho ya Marekani.

Kwa hiyo katuni iliunganisha nyuso mbili kuwa moja, na jukwaa likaziweka mbili wazi. Filamu ya 2019 iliondoa ule wa binadamu na kubakiza wa mnyama.

3.0 Kilichotokea usoni

Wapo waliolieleza tatizo la filamu hii kwa dhana ya Masahiro Mori, mhandisi wa Kijapani ambaye mwaka 1970 alieleza jinsi roboti linalokaribia mno kufanana na binadamu linavyomtia mtu kinyaa badala ya kumvuta. Maelezo hayo hayakidhi. Simba wa Favreau hawakaribii kufanana na binadamu. Wamekwenda upande wa pili kabisa. Wanafanana na simba kiasi kwamba mtazamaji hasisimki kwa kinyaa bali hutulia kama mtu anayetazama makala ya wanyamapori. Shida inaanza wanapofungua vinywa.

Tukio la kifo cha Mufasa linafaa kuangaliwa kwa makini. Katika filamu ya 1994, Simba mdogo anauendea mwili wa baba yake bondeni, anausukuma, anamvuta sikio, anaita msaada, kisha anajilaza chini ya mkono usiosogea. Uso wake unabadilika hatua kwa hatua: tumaini, shaka, kukataa, machozi. Filamu ya 2019 inafuata nyayo hizohizo. Mwanasimba ni mdogo, vumbi linatua, mwili hausogei. Machozi ya katuni hayapo na hayawezi kuwapo, kwani simba wa kweli hana namna ya kulia hivyo. Hata hivyo tukio linafanya kazi. Sababu yake ilikwisha kuelezwa na majaribio yanayohusishwa na Lev Kuleshov wa Urusi, ambapo uso uleule usio na hisia ulionekana na watazamaji kuwa na njaa ulipofuatiwa na picha ya chakula, na kuwa na huzuni ulipofuatiwa na picha ya jeneza. Uso mtupu si uso ulioshindwa. Ukipewa picha ya kusimama nayo, hadhira huujaza yenyewe.

Jambo hilo linathibitishwa na sehemu ya filamu ya 2019 ambayo haina neno hata moja, na ambayo kwa maoni ya makala haya ndiyo bora kuliko zote. Katika toleo la 1994 harufu ya Simba inamfikia Rafiki kwa upepo, kwa sekunde chache. Katika toleo jipya kishungi cha manyoya ya Simba kinaanza safari ndefu: kinachukuliwa na maji na upepo, kinaliwa na twiga pamoja na majani, kinatoka katika kinyesi chake, kinavingirishwa na mdudu wa mavi, kinabebwa na siafu, mpaka kinafika mkononi mwa Rafiki. Hakuna anayeimba wala anayeeleza. Mzunguko wa uhai, ambao Mufasa huuhubiri kwa maneno mwanzoni mwa filamu, hapa unaonekana ukifanyika. Ni mbinu ambayo katuni ya mkono isingeiweza kwa namna hiyo, kwa sababu mdudu wa mavi aliyechorwa angetakiwa kuchekesha. Uhalisia wa picha, basi, haukuwa kosa. Ulikuwa na uwanja wake.

Uwanja huo unaisha sauti inapoingia. Sauti ya muigizaji hutaja hisia moja kwa uhakika: hasira, mzaha, kejeli. Uso usio na hisia ukiwekwa chini ya sauti hiyo hauwezi tena kujazwa na mtazamaji, kwani umekwisha kujazwa na sikio, na jicho linashuhudia kuwa si kweli. Chiwetel Ejiofor anamsemea Scar kwa uchungu mzito wa mtu aliyenyimwa. Simba anayeonekana ni dume lililokonda, lenye makovu, linalofungua na kufunga taya. Wimbo wa Scar na fisi, ambao mwaka 1994 ulikuwa na mwanga wa kijani na gwaride lililoiga wazi maandamano ya Wanazi, mwaka 2019 umefupishwa na kuwa karibu na hotuba. Wimbo wa Simba mdogo kuhusu kuwa mfalme uliwahi kuacha kabisa uhalisia: mandharinyuma yakawa mapambo yenye rangi kali, wanyama wakapandana na kuunda mnara. Katika toleo jipya watoto wanakimbia kandokando ya maji kati ya wanyama wanaokunywa. Si kwamba waundaji walikosa ubunifu. Walifungwa na sheria waliyojiwekea, kwamba kila kiumbe kifanye lile tu ambalo mwili wake unaweza kulifanya.

Sheria hiyo ina gharama nyingine ambayo haikutajwa sana. Kadiri picha inavyoomba kuaminiwa kama maumbile, ndivyo mtazamaji anavyopata haki ya kuihoji kwa elimu ya maumbile. Mtu hamuulizi fisi wa ngano kuhusu mlo wake. Lakini fisi aliyeundwa unyoya kwa unyoya anakaribisha swali, na jibu limekuwapo tangu utafiti wa Hans Kruuk katika Serengeti na Ngorongoro miaka ya sitini: fisi madoa ni mwindaji hodari, na si mla mizoga tu anayesubiri masalia ya simba. Katika kundi la simba, majike ndio wenye undugu wa kudumu na eneo lao. Madume hutoka nje, na dume jipya linapotwaa kundi mara nyingi huua watoto wa dume lililotangulia. Ufalme wa baba kwa mwana hauna mahali humo. Rafiki naye, kwa sura yake, ni mandrili, nyani wa misitu ya Afrika ya Kati, si wa mbuga za nyasi. Katika katuni makosa haya yalikuwa leseni ya mtunzi. Katika toleo la 2019 leseni ileile inaonekana kama hati iliyokwisha muda wake.

4.0 Hadhira inayojua na hadhira isiyojua

Linda Hutcheon, katika nadharia yake ya urekebishaji wa kazi za sanaa iliyochapishwa mwaka 2006, anatofautisha hadhira inayoijua kazi ya awali na ile isiyoijua. Anayeijua huitazama kazi mpya huku ya zamani ikionekana chini yake, kama maandishi ya kwanza yanavyoonekana chini ya maandishi ya pili katika karatasi iliyofutwa vibaya. Dhana hii kwa kawaida hutumiwa kueleza raha ya kulinganisha. Katika filamu inayojadiliwa hapa inaeleza zaidi ya raha. Inaeleza jinsi filamu inavyoweza kueleweka kihisia.

Mtazamaji wa miaka thelathini na mitano aliyeingia ukumbini mwaka 2019 aliingia na nyuso zake. Simba wa kompyuta alipotazama mwili wa baba yake bila kubadilika, mtazamaji huyo aliuona uso wa 1994 na kuuweka mahali pake. Alifanya kazi ya fanani. Sauti ya James Earl Jones ilikuwa msaada mkubwa, kwani ilimrudisha moja kwa moja mahali pa kuchukua kumbukumbu, na uamuzi wa kumrudisha yeye peke yake kati ya waigizaji wa mwanzo hauonekani kuwa wa bahati. Mfuatano wa picha za ufunguzi, unaokaribia kuiga ule wa katuni mkao kwa mkao, ulifanya kazi hiyohiyo. Hapa mfanano si uvivu, kama ilivyodaiwa na baadhi ya wahakiki, ni sharti. Filamu isiyo na nyuso zake yenyewe haiwezi kujitenga sana na ile inayoikopa.

Mtoto wa miaka sita aliyeketi kando ya mzazi huyo hakuwa na cha kukopa. Kwake Nala na Sarabi ni majike wawili wanaofanana, na Simba anayefurahi ni yuleyule anayehuzunika. Hoja hii haimaanishi kwamba mtoto hakuifurahia filamu. Yako mengi ya kufurahiwa humo, na Timon na Pumbaa wanachekesha kwa sauti peke yake. Inamaanisha kwamba watu wawili waliokaa viti jirani walitazama kazi mbili tofauti, na kwamba kazi iliyouzwa kama urithi kwa mtoto ilimtegemea mzazi ili ikamilike. Katika utafiti wa uundaji upya wa katuni za utotoni jambo hili linastahili kupimwa kwa hadhira halisi, hasa katika familia ambazo mtoto alianza na toleo la 2019 na kulifahamu la 1994 baadaye.

5.0 Majina

Msomaji wa Kiswahili ana kumbukumbu ya ziada ambayo waundaji hawakuitarajia. Yeye huyasikia majina.

Imezoeleka kusema kuwa kumwita simba jina la Simba ni umaskini wa ubunifu. Lawama hiyo ni nusu kweli. Katika ngano ndivyo wanyama wanavyoitwa: Sungura ni Sungura, Fisi ni Fisi, na Simba, ambaye mara nyingi ndiye mwenye nguvu anayezidiwa akili na kiumbe mdogo, ni Simba. Jina la aina huwa jina la mtu kwa sababu katika ngano huwa yuko mmoja tu wa aina yake. Kinachogongana na sikio katika filamu si jina hilo bali wingi wa simba wengine: Mufasa, Scar, Nala na Sarabi nao ni simba, ila mmoja tu ndiye aliyeitwa hivyo, kana kwamba katika ukoo wa watu mtoto mmoja ameitwa Mtu. Katuni ilipunguza mgongano huo, kwa kuwa kiumbe aliyechorwa alikuwa mhusika kwanza na simba baadaye. Katika toleo la 2019, ambapo kwa jicho ni simba mtupu, jina limerudi kuwa nomino ya kawaida. Kwa msemaji wa Kiswahili ni kama kibao kilichotundikwa mbele ya kizimba.

Pumbaa limechaguliwa kwa ustadi zaidi, kwani kupumbaa ni kuduwaa na kupotewa na akili, na ngiri huyu amepumbaa kwa furaha. Rafiki ni rafiki. Nala hudaiwa mara nyingi, katika orodha za majina ya watoto, kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya zawadi; Kiswahili kina zawadi, tunu na hiba, na Nala haimo. Sarabi linakaribia neno la Kiarabu la mazigazi, jina zuri kwa malkia wa nchi kavu.

Shenzi ni suala zito. Neno hili halina ucheshi wowote. Mshenzi ni tusi lenye historia: katika mwambao lilitumiwa kuwatenga watu wa bara na kuwahesabu kuwa wasiostaarabika, kisha enzi ya ukoloni ikalirithi na kulitumia kwa Waafrika wote. Katika filamu ya 1994 fisi mwenye jina hilo anaishi katika nchi ya giza nje ya mpaka wa ufalme, na sauti yake ilitolewa na Whoopi Goldberg, jambo lililowafanya wahakiki nchini Marekani wahoji namna filamu ilivyowagawia wanyama lafudhi za watu weusi na Walatino wa mijini. Wahakiki hao wengi hawakujua kuwa jina lenyewe lilikuwa limekwisha kusema hayo. Mwaka 2019 nafasi hiyo ilipewa Florence Kasumba, muigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala, naye akamfanya Shenzi kuwa kiongozi mwenye heshima na vitisho, asiye na mzaha. Mhusika amepandishwa hadhi. Tusi limebaki pale pale.

Katika toleo hilo fisi wenzake wawili, Banzai na Ed, wameondolewa na nafasi zao kuchukuliwa na Kamari na Azizi. Hapo Kiswahili kimeongezwa, na mtu angetarajia kuwa kimeongezwa kwa sababu. Azizi ni mpendwa. Kamari ni mchezo wa kubahatisha kwa fedha. Hakuna mstari wa mazungumzo unaoonyesha kuwa maana hizo zilikusudiwa, wala kuwa zilizingatiwa. Mfululizo wa The Lion Guard, uliotengenezwa kwa watoto wadogo na kudharauliwa na wahakiki wengi, ulikuwa makini zaidi: fisi mjanja anaitwa Janja, fisi jasiri anaitwa Jasiri, na kiboko mwenye moyo wa urafiki anaitwa Beshte, neno la vijana wa Nairobi. Humo jina hubeba tabia, kama inavyotakiwa katika ngano.

Kisa cha maneno hakuna matata kinahitaji usahihi kuliko hasira. Disney iliomba kuyasajili kama alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994, na usajili ulikamilika mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Mwishoni mwa mwaka 2018, toleo jipya likiwa njiani, mwanaharakati wa Zimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la hadhara la kupinga, na makumi ya maelfu ya watu walilitia saini. Kisheria usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kusema, kuandika wala kuimba. Unahusu uuzaji wa bidhaa za aina iliyotajwa mahali uliposajiliwa. Lakini waliolalamika hawakuwa wakiogopa kukamatwa kwa kusema. Walikuwa wakibisha kuhusu kumbukumbu: maneno hayo yaliimbwa na Them Mushrooms wa Kenya katika Jambo Bwana mwaka 1982, yakawa salamu ya hoteli za pwani kabla ya filamu, na bado mtoto wa mbali huyataja kama mali ya nguruwe na nguchiro. Hali hii ina kinaya chake, kwa kuwa wasemaji wengi wa Tanzania hawayatumii kila siku. Husema hakuna shida, au hamna tabu. Filamu ilichukua Kiswahili cha kumpokea mgeni na kukirudisha ulimwenguni kama Kiswahili chenyewe.

Mwendelezo wa mwaka 2024, Mufasa: The Lion King, ulioongozwa na Barry Jenkins, umeibua suala la majina kwa namna kali zaidi. Unasimulia ujana wa ndugu wawili wa kulea, na humo Scar, kabla ya kupata kovu, anaitwa Taka. Filamu inataka apendwe kwanza: ni mwana wa mfalme, anamwokoa Mufasa kutoka majini, anagawana naye wazazi. Msemaji wa Kiswahili amekwisha kuambiwa mwisho wake tangu mama yake alipomwita mara ya kwanza, kwa kuwa taka ni kinachofagiliwa na kutupwa. Lipo sikio jingine, la kitenzi kutaka, ambalo lingemfaa sana mrithi aliyeangamizwa na tamaa yake, filamu hailigusi. Nchi ya ahadi ambayo wazazi wa Mufasa walimsimulia, na ambayo wahusika wanaisafiria mwendo wote, inaitwa Milele. Kwenye skrini ni bonde la majani mabichi, maji na mwanga wa jioni. Kwa mtu aliyelisikia neno hilo makaburini na katika mahubiri ya matanga, wanyama wale wanaoulizana njia ya kwenda Milele wanaulizana jambo jingine kabisa.